Jina la akaunti nililofungua shuleni linanikwamisha biashara

Shikamoo dada,

Nauza viungo vya kusaga: iliki, mdalasini, pilipili manga na pilau masala. Mzigo mwingi natoa Muheza, nasaga na kufungasha nyumbani hapa Tanga mjini, wa mikoani natuma kwa basi. Tatizo langu ni majina. Instagram nilifungua nikiwa kidato cha pili nikajiita zuu_swty2003 (huo ndio mwaka wangu wa kuzaliwa), na hapo hapo ndipo nilipoanza kuposti biashara. Ina wafuasi 3,400, wengi ni niliosoma nao. TikTok nilifungua mwaka jana kwa jina la viungo.asilia.tz. Huko wako 1,900 tu, lakini hao ndio wanaonunua. Facebook kuna ukurasa ambao kaka yangu alinifungulia kwa jina lake la mtaani.

Mwezi uliopita mteja wa Dodoma aliniona TikTok, akanitafuta Instagram, akakuta viungoasilia_tz. Picha zangu zote zimo, akatuma shilingi 38,000. Si mimi. Sasa ananilaumu mimi.

Kaka anasema nibadilishe tu jina la ile Instagram ya zamani nisipoteze wafuasi. Mume wangu anasema nifungue mpya kwa jina langu kamili. Kila jina ninalojaribu naambiwa limeshachukuliwa, nimefika mahali nataka niongeze namba mwishoni yaishe. Mwezi ujao nachapisha lebo za pakiti 1,000. Nishauri.

Z., Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Lebo zisimamishe kwanza. Hicho ndicho kitu pekee katika orodha yako ambacho ukikosea hakifutiki.

Tuanze na tapeli, maana bado yupo kazini. Hakukuibia akaunti, alichukua jina uliloliacha wazi. Uliweka viungo.asilia.tz TikTok, Instagram hukuiwekea, na wateja wa siku hizi wakikuona sehemu moja wanakwenda kukutafuta nyingine. Kwenye Instagram nukta inahesabika, kwa hiyo viungo.asilia.tz, viungoasilia.tz na viungoasilia_tz ni akaunti tatu za watu watatu. Kwenye Facebook na Gmail nukta haihesabiki, ukiiweka au usipoiweka jina ni lile lile, ndiyo maana watu wengi hudhani ni hivyo kila mahali.

Kabla ya kumripoti, piga skrinishoti ya ukurasa wake jina likionekana juu, na mwombe mteja akutumie mazungumzo yao na ujumbe wa muamala. Hawa watu wakishtuka hubadilisha jina la akaunti, ukirudi kumtafuta humpati. Halafu fungua ukurasa wake, gusa nukta tatu za juu, chagua kuripoti akaunti, kisha sababu ya kwamba anajifanya mtu mwingine, na huyo mtu ni wewe. Mteja naye apige simu kwa mtandao wake wa pesa haraka, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Namba ya tapeli iripotini pia 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Sasa majina. Kila akaunti ina majina mawili na watu wanayachanganya. Lipo la kuonekana, lile lililokolezwa wino, unaloweza kuandika kwa nafasi na herufi kubwa, na watu hata elfu wanaweza kulitumia moja. Na lipo lile la alama ya @, ambalo dunia nzima ni la mtu mmoja tu kwa kila mtandao. La kwanza ni kibao cha dukani, la pili ni anwani. Kosa lako, na la wauzaji wengi, ni kutaka anwani ifanye kazi ya kibao: ieleze bidhaa, isifu ubora, itaje na nchi. Matokeo yake ni viungo.asilia.tz, ambalo ni maelezo ya bidhaa, na maelezo hayo hayo wanayo wauza viungo wote kuanzia Tanga hadi Kigoma. Ndiyo maana kila unalojaribu limeshachukuliwa. Unachota kwenye kisima ambacho kila mtu anachota.

Anwani kazi yake ni moja: mtu akilisikia mara moja, aweze kuliandika. Nasema akilisikia, si akilisoma, kwa sababu biashara yako inatembea kwa mdomo. Mteja wako yuko kwenye sherehe, pilau imenukia, mwenzake anamuuliza viungo katoa wapi. Hapo hakuna kiungo cha kubofya, kuna jina linatamkwa kwenye kelele. Jaribu kulitamka la kwako: "viungo, nukta, asilia, nukta, tizedi." Wa kwanza ataandika asili, wa pili hasilia, wa tatu atasahau nukta moja, na mtu kama huyo wa tatu ndiye anayetua kwa tapeli.

Kwa hiyo kabla hujalipenda jina lolote, lipitishe kwenye masikio. Kuna sehemu tano ambapo jina la Kiswahili huvunjika. Ya kwanza ni l na r: wapo wanunuzi wako, na si wachache, watakaoandika iriki. Ya pili ni dh, th na gh, ambazo kwa vidole vya watu wengi hugeuka z, s na g, hivyo jina lenye dhahabu au thamani ndani yake litatafutwa kama zahabu na samani. Ya tatu ni h ya mwanzo, inayodondoka au kuongezwa pale isipotakiwa. Ya nne ni vokali mbili zinazogongana. Ukiandika viungovyaasha mwenzio ataandika a moja tu, na hiyo Zuu yako ina u ngapi, moja au tatu? Ya tano ni ng' yenye ritifaa, ile alama ya juu, kwa sababu mitandao hii yote haikubali ritifaa katika jina, na bila ritifaa neno linabaki nusu.

Majina ya Kiingereza nayo usiyakimbilie ukidhani yanapendeza zaidi. Mteja anayejua kutamka "spaisi" hajui kama wewe umeiandika kwa c, kwa s mbili au kwa ile z ya mapambo. Sweet yako mwenyewe uliikata ikawa swty, na hakuna binadamu anayeweza kuikisia hiyo kwa kusikia.

Andaskoo, ule mstari wa chini, nauchukia kwa sababu tatu za kazi tu. Kwenye kibodi ya simu haupo usoni: lazima utoke kwenye herufi uende kwenye namba na alama, na kwenye iPhone ubonyeze hatua moja zaidi. Ukiandika jina mahali linapogeuka kiungo chenye mstari chini yake, andaskoo inamezwa na mstari ule, mteja anaona nafasi tupu. Na tapeli akitaka kukuiga anaongeza moja au anaondoa moja, jicho halishtuki.

Halafu kuna vipimo vya mitandao yenyewe, ambavyo vinakupunguzia kazi ya kuchagua. X (zamani Twitter) inakubali herufi 15 tu, TikTok 24, Instagram na YouTube 30. Telegram inataka zisipungue 5 wala kuzidi 32. Nukta inakubalika Instagram, TikTok, Facebook na YouTube, lakini X na Telegram haziitaki. Andaskoo inakubalika X na Telegram, Facebook haiitaki. Ukitaka jina moja liingie kila mahali, unabakiwa na herufi tupu, zisizozidi 15, bila nukta, bila andaskoo. Hilo lako la TikTok lina alama 16, nukta mbili zikiwemo, X haliingii hata ukiomba. Utasema huna mpango na X. Sawa, lakini jina linachukuliwa kwa dakika mbili na halidai chakula, bora ulikalie wewe kuliko akalie mwingine.

Jinsi ya kulitengeneza: chukua karatasi uandike maneno kama ishirini yanayohusu kazi yako ambayo si jina la bidhaa na si sifa. Asilia, bora, safi, tamu, original, yote hayo ni sifa, yaache. Andika vyombo (kinu, mchi, ungo, kibao, kijiko), andika mahali, andika unavyoitwa na wateja wako wa mtaani. Kisha unganisha mawili, si zaidi.

Mfano wa kukuonyesha njia, si lazima ulitumie: viungovyamuheza ina herufi 15 kamili, inaingia kote. Lakini kila mkulima wa Muheza anaweza kuitwa hivyo, na mwakani ukianza kuuza karafuu ya Pemba jina linakubana. Ilikinapilipili nayo ni 15 na ina mahadhi mazuri mdomoni. Iangalie kwa karibu lakini: i, l, i, k, i. Kwenye Instagram majina yote ni herufi ndogo, na tapeli akiweka namba 1 mahali pa l, yaani i1iki, kwenye kioo cha simu ya inchi sita nani ataona? Vivyo hivyo o na sifuri, au r na n zikikaa pamoja zikafanana na m. X ni mbaya zaidi, kule herufi kubwa zinaonekana, I kubwa na l ndogo ni mapacha. Jina lenye l na o nyingi ni jina rahisi kuigwa.

Sasa chukua kinuchatanga. Herufi 12. Haina l wala r, haina dh, haina vokali zinazogongana, kila Mswahili akisikia "Kinu cha Tanga" anaandika kitu kimoja. Halitaji kiungo chochote, kwa hiyo leo uza iliki, kesho uza unga wa lishe. Lina dosari: mtu anaweza kudhani ni mashine ya kusaga mahindi. Hapo ndipo kibao kinapofanya kazi yake. Kwenye jina la kuonekana andika "Kinu cha Tanga | viungo vya pilau na chai". Instagram hutafuta pia kwenye jina hilo, kwa hiyo anayeandika viungo vya pilau ana nafasi ya kukufikia. Usiandike "viungo" peke yake: kijaribu hicho kisanduku cha kutafutia uone, utaletewa maumivu ya magoti na mafuta ya kuchua humo humo. Jina la kuonekana Instagram hukuruhusu kulibadilisha mara mbili ndani ya siku 14, basi lifikirie kabla ya kuchezea.

Ukishapata majina matatu unayoyaridhia, yapime. Rekodi sauti ya WhatsApp, taja jina mara moja tu, usilitaje herufi kwa herufi, uwatumie watu watano, miongoni mwao mmoja wa umri wa mama yako, mmoja kijana wa mtaani, mmoja wa mkoa mwingine, na kama unaye mmoja wa Mombasa au Nairobi. Waambie waliandike wakurudishie. Wanne wakipatia, umepata jina. Watatu wakikosea kosa lile lile, jina ni bovu, au kosa lenyewe ndilo jina. Huyo kijana mwulize pia kama lina maana ya pembeni, na yule wa Kenya vile vile, kwa sababu kuna maneno ya heshima upande mmoja ambayo upande wa pili yanachekwa. Lisome na wewe bila nafasi, uone maneno mawili yakishikana hayazai la tatu katikati.

Kujua kama jina lipo wazi, usitegemee kulitafuta kwenye programu. Akaunti iliyofungiwa au iliyozimwa kwa muda haionekani kwenye utafutaji, lakini jina bado limeshikwa. Kipimo cha kweli ni kuliandika kwenye ukurasa wa kufungulia akaunti na kuona kama linakubaliwa. Anza na Gmail (herufi 6 hadi 30), kwa sababu hiyo ndiyo utakayofungulia nyingine zote, kisha Instagram, TikTok, Facebook, YouTube, X, Telegram. Siku moja, kikao kimoja, na usimwambie mtu jina mpaka umemaliza zote.

Likiwa limechukuliwa, badilisha neno, usiongeze alama. Kinuchatanga limekwenda? Kinuchapwani, nalo 12. Namba mwishoni ndiyo usiiguse kabisa: mteja haikumbuki, na anayeisahau anafika kwa yule aliyekutangulia. Tz ina maana pale tu wewe mwenyewe unashikilia na lile lisilo na tz, vinginevyo unamtangazia mwenzio. "Official" haithibitishi chochote, hata viungoasilia_tz angeweza kuiandika, na "real" ni hivyo hivyo.

Usikubali kununua jina. Mitandao hii inakataza, na wanaoyauza wakishapokea hela hurudisha akaunti kwao kwa barua pepe ya mwanzo iliyoifungua. Wala usipoteze muda kuiandikia Instagram kwamba fulani ana jina lako na hajaposti miaka mitatu, hawakupi kwa sababu hiyo. Mlango unaofunguka ni wa alama ya biashara iliyosajiliwa. Usajili wa jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ni kitu kimoja, usajili wa alama ya biashara ni kingine, ingawa ofisi ni moja. La kwanza linakupa jina la kufanyia kazi, la pili ndilo linakupa haki ya kumzuia mwingine. Kwa mtaji wako wa sasa anza na jina la biashara, na litafute kwenye mfumo wao wa mtandaoni siku ile ile unayochukua majina ya akaunti. Alama huko Bara ikisajiliwa hulindwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina usajili wake.

Na hili linamfungia mlango yule tapeli: ukishapata jina la biashara, omba Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, kwa jina hilo hilo. Mteja akiingiza namba, jina linajitokeza kabla hajaweka namba ya siri. Andika kwenye bayo, yale maelezo mafupi ya ukurasa wako, jina hilo kama linavyojitokeza, herufi kwa herufi, uwaambie wasilipe pasipotokea. Ukipokea kwa namba ya kaka yako, jina la kaka ndilo linalotokea, na mteja hana jinsi ya kujua nani ni nani.

Kaka na mumeo wote wana nusu ya jibu. Instagram ya zamani usiigeuze biashara. Wale 3,400 walikufuata wewe wa shuleni, ukiwapostia mdalasini wanapita, na posti wanayoipita wenyewe haifiki mbali. Fungua mpya. Programu moja ya Instagram hubeba akaunti hadi tano, unahama kwa kubonyeza picha yako, huhitaji simu ya pili. Ile ya zamani weka stori kwa siku kadhaa kuwaelekeza, wanaopenda pilau watakuja.

TikTok ni kinyume, pale usifungue mpya. Hao 1,900 ni wanunuzi, badilisha jina tu. TikTok inakuruhusu kubadilisha mara moja kila siku 30, maana yake ukikosea herufi utakaa nayo mwezi. Liandike kwanza kwenye ujumbe, likague, ndipo ulinakili. Wiki moja kabla, toa video fupi ukitaja jina jipya kwa mdomo, na kwenye bayo acha "zamani viungo.asilia.tz" kwa miezi mitatu. Kiungo cha zamani kitakuwa kimekufa, kwa hiyo pitia WhatsApp Business na kila ulipokibandika.

Jina kamili analosema mumeo sikatai kwamba linaaminika, lakini liweke kwenye bayo kama mmiliki. Anwani ikiwa jina lako kamili, kila anayenunua pakiti moja ana pa kuanzia kukuchimba. Ndiyo maana biashara nataka iitwe jina moja kila mahali, na akaunti zako binafsi ziwe na majina yasiyofanana, hata baina yao. Anayejua moja asiifikie nyingine. Na 2003 itoe leo. Watu wengi huweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu, na kama ni wewe pia, basi nusu ya kazi ya mwizi umeshamwandikia kwenye jina. Badilisha vyote viwili. Ukibadilisha jina Instagram, kwa kawaida una siku 14 za kulirudia la zamani, baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua, na hilo la swty sidhani kama utalililia.

Ukurasa wa Facebook wa kaka yako: mwambie akuweke wewe msimamizi mwenye mamlaka yote kabla hamjagusa jina, kisha wewe ndiye uubadilishe. Akaunti zote ziunge na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, unayoitumia kila siku, kwa sababu laini ikikaa bila kutumika hugawiwa mwingine na misimbo ya kuingilia inamfuata. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

Lebo ni za mwisho, baada ya akaunti zote saba kulikubali jina na BRELA kujibu. Usichapishe orodha ya mitandao na jina mbele ya kila mmoja; jina ni moja, liandike mara moja, na hapo karatasini una ruhusa ya herufi kubwa ambayo Instagram haikupi: KinuChaTanga. Mitandao haitofautishi kubwa na ndogo mtu akitafuta. Mwambie mchapaji akuonyeshe sampuli kwa ukubwa wa pakiti yenyewe ya gramu 50, si kwenye kioo cha kompyuta, na asikuwekee ile mikunjo ya maandishi ya harusi.